Kucha zinaisha bila mimi kujua: hivi tabia hii inaachika?

Swali: Nina miaka 29 na nimeuma kucha tangu shule ya msingi. Nimepaka rangi chungu, nimepaka pilipili, nimeapa mara nyingi. Huwa naacha kwa wiki mbili hivi, kisha najikuta nimezimaliza zote ndani ya jioni moja, hasa nikiwa mbele ya kompyuta au nikiangalia simu. Mwaka huu kidole gumba cha kulia kimenivimba mara mbili. Na sasa mwanangu wa miaka mitano ameanza kuniiga. Tabia hii inaachika kweli, au nikubali tu yaishe?

Jibu: Inaachika. Na hizo wiki mbili zako zinaeleza mengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo nianze nazo.

Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa siku. Ukiacha kuuma leo, baada ya siku 14 unakuwa na karibu milimita moja na nusu ya ukucha mpya. Hapo ndipo ncha inapochomoza kwa mara ya kwanza kiasi cha meno kuipata. Tena inachomoza vibaya, kwa sababu ulipouma mara ya mwisho meno hayakukata kwa mstari. Yaliacha pembe na nyufa, na sasa zinasogea mbele pamoja na ukucha. Unapitisha kidole gumba juu yake, unahisi kitu kinakwaruza, unataka kukisawazisha, na kifaa kilicho karibu ni jino. Ukisawazisha upande huu, ule mwingine unabaki na pembe. Nusu saa baadaye ukucha umekwisha na umeshahamia wa pili. Ulipokuwa unajilaumu kwamba umevunja kiapo, tatizo kubwa lilikuwa kwamba umefika siku ya 14 bila tupa ya kucha karibu.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuondoa kinachoyaita meno. Ya pili ni kuunasa mkono ukiwa bado njiani. Ukifanya moja tu, utapata nafuu ya muda kama ulizokwisha kuzipata.

Ukucha kwanza, nia baadaye

Tafuta tupa ya kucha ile ya kadi ngumu yenye punje laini. Ikiwa imeandikwa namba, chukua ya 180 hadi 240. Ya 100 kushuka chini ni kali, hutumika kwa kucha za bandia, na itauchana ukucha wako ambao tayari ni mwembamba. Usinunue moja. Nunua tatu au nne: moja ikae kwenye meza ya kompyuta, moja kwenye mkoba au mfukoni, moja kando ya kitanda. Tupa iliyo bafuni haina msaada wowote kwa mtu aliye sebuleni anayekerwa na kijipembe cha ukucha saa nne usiku.

Kila jioni, mikono ikiwa imekauka kabisa, pitisha tupa kwenye kila ukucha mara tatu au nne, kutoka pembeni kuelekea katikati, upande mmoja tu. Ukisugua mbele na nyuma unaachanisha matabaka ya ukucha na kutengeneza nyuzinyuzi mpya za kuuma. Ukucha uliolowa nao huchanika ovyo, ndiyo maana nasema ukauke. Hutafuti urembo hapa. Kipimo chako ni soksi ya nailoni au kitambaa chochote chepesi: pitisha ncha za vidole juu yake, na kidole kitakachokwama bado kina kazi. Watu wengi hushangaa kukuta kwamba ukucha unaoonekana sawa kwa macho unakwama sehemu mbili.

Vile vijinyama vya ngozi vinavyochomoza kando ya ukucha navyo huanzisha balaa. Usivivute. Kikivutwa, kijinyama hakikatiki pale kilipoishia kufa. Kinachana kuelekea kwenye ngozi nzima na kuacha kidonda chenye mdomo mpya wa kutafuna. Kikate usawa wa ngozi kwa kimkasi kidogo kilichofutwa kwa spiriti. Baada ya hapo paka mafuta ya mgando pembeni na kwenye shina la kila ukucha, asubuhi, baada ya kuosha vyombo, na kabla ya kulala. Ngozi kavu hupasuka, na kila ufa ni mwaliko. Ukiosha vyombo au kufua mara kwa mara, vaa glavu za mpira.

Kuna ngozi nyembamba inayoziba mwanya kati ya ukucha na nyama, kule chini karibu na kile kipande cheupe chenye umbo la mwezi mchanga. Hiyo iache. Usiikate, usiisukume kwa kijiti. Ndiyo inayozuia maji na vijidudu visiingie, na nyuma yake tu ndiko kwenye mzizi unaotengeneza ukucha. Wanaoitafuna au kuisukuma kila siku kwa kidole kingine, hasa kwenye gumba, huishia na ukucha wenye mistari inayokingama katikati kuanzia chini hadi juu. Mistari hiyo huondoka mtu akiacha, mradi mzizi haujapata kovu.

Safari ya mkono kwenda mdomoni

Wengi wanaamini wanauma kucha kwa sababu ya wasiwasi. Wasiwasi umo, lakini hauko peke yake. Kukosa la kufanya kunatosha. Kukwama kwenye kazi kunatosha, na vilevile kuudhika kwa jambo linalokwenda polepole, hasa kwa watu wanaotaka kila kitu kiwe kimenyooka. Wewe umetaja kompyuta na simu: macho na akili vimekamatwa, mkono mmoja hauna kazi. Mtu wa namna yako akiambiwa "punguza mawazo" hapati chochote cha kufanyia kazi.

Kwa siku nne au tano za mwanzo usijizuie kabisa. Andika tu. Chukua kikaratasi au ukurasa kwenye simu, na kila unapougundua mkono uko mdomoni au unaelekea huko, andika saa, kidole gani, ulikuwa unafanya nini, na mkono ulikuwa unafanya nini sekunde chache kabla. Maneno matano yanatosha: "3:40 usiku, gumba la kulia, video, kupapasa."

Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye mali. Ukiitazama vizuri utaona mkono haurukii mdomoni. Hupanda kwa hatua, na kwa watu wengi hatua zenyewe hufanana. Kwanza kidole gumba huanza kupapasa ncha za vidole vingine, kimoja baada ya kingine, kikitafuta palipokwaruza. Kikipata, ukucha mwingine hujaribu kukwangua pale pembeni. Kisha kiwiko hutua mezani na mkono hupanda kukaa kwenye kidevu au shavu. Baada ya muda kidole hugusa mdomo wa chini, maana mdomo una hisia kali na huipata ile pembe vizuri kuliko kidole. Jino ndilo linakuja mwisho, na akili yako hupewa taarifa baada ya jino. Kujizuia katika hatua hiyo ya tano ni shughuli pevu. Katika hatua ya kwanza ni jambo dogo. Kuanzia siku ya sita, kazi yako ya kweli ni kuligundua lile papaso la kwanza.

Jiandae kwa jambo moja: kule kuandika tu kutapunguza kuuma. Ni kawaida, watu wakijihesabu hujirekebisha. Usidhani umepona ukatupa karatasi siku ya tatu.

Ukiwa na mtu nyumbani, kubalianeni ishara moja atakayokupa akiona mkono unapanda. Ishara hiyo iwe fupi na isiwe na kejeli, kwa mfano kugonga meza mara moja. "We, acha!" ya kila dakika huzaa ubishi, na ubishi huzaa kuuma kwa kujificha. Kama unaishi peke yako, vaa mkononi bangili au uzi usiovulika kirahisi. Faida yake ni kwamba haukusahau hata ukiusahau. Kikumbusho kinachoweza kuvuliwa huvuliwa siku ile ile kinapohitajika.

Mpe mkono kazi nyingine

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walieleza mbinu ya kugeuza mazoea ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa tiba ya tabia hii. Kiini chake ni kitendo mbadala: kila hamu inapokuja, mkono unafanya jambo ambalo haliwezekani kufanyika sambamba na kuuma. Kitendo kizuri kinaweza kudumu dakika kadhaa, hakiwafanyi watu wakukodolee macho, na hakihitaji kifaa.

Cha kuaminika zaidi ni ngumi. Ukigundua papaso, shusha mkono, kunja vidole ngumi na gumba likiwa nje, kaza kwa nguvu ya wastani kama theluthi moja tu ya uwezo wako, na ushikilie kwa dakika moja hadi tatu. Kosa la kawaida ni kukaza mpaka mkono unatetemeka. Utachoka kwa sekunde kumi na tano, utaachia, na hamu itakuwa bado ipo. Kosa la pili ni kuachia mapema. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Ukiachia inapopanda, unaufundisha mwili kwamba kinachofuata ngumi ni jino. Ikirudi baada ya dakika tano, rudia. Siku za mwanzo unaweza kurudia mara thelathini, na hilo halimaanishi kwamba mbinu imeshindwa.

Kitendo kifuate mahali ulipo. Mbele ya kompyuta, ukisoma bila kuandika, bandika viganja vyote viwili mezani au juu ya mapaja. Ukisoma kitabu, kishike kwa mikono miwili. Na simu, ambayo kwa maoni yangu imeharibu kucha nyingi miaka hii kuliko mitihani, ishike kwa mikono miwili pia: gumba la kulia linapandisha picha, la kushoto limeshika. Mkono usio na simu ndio unaoliwa. Ukitazama video ndefu, weka simu juu ya kitu ikae yenyewe na mikono iwe na kazi, iwe kukunja nguo au kufinya mpira mdogo. Vifaa vya kuchezea mkononi vinasaidia, ila vina kasoro yao: vinasahaulika nyumbani. Ngumi unayo siku zote.

Usisubiri hamu ndipo ujifunze. Kila asubuhi, kwa dakika mbili, fanya mazoezi makavu: pandisha mkono polepole kuelekea mdomoni, usimamishe kwenye kidevu, ushushe, kunja ngumi, hesabu hadi ishirini. Rudia mara tano kwa kila mkono. Inaonekana upuuzi, lakini mkono wako umeifanya safari ya kupanda maelfu ya mara na ya kushuka haujawahi kufundishwa.

Zipo njia mbili nyingine zinazofaa kwa wale ambao ngumi haiwakai. Moja ni kuuacha mkono upande kama kawaida, kisha sekunde ya mwisho uukengeushe ghafla kwenda kwenye ndewe ya sikio au kwenye paji la uso. Inafaa kwa watu ambao hugundua wakiwa wamechelewa. Nyingine ni ya upole zaidi: badala ya kuuma, sugua taratibu ncha za vidole kwa gumba, au kiganja, au nyuma ya mkono, bila kukwangua. Steffen Moritz na wenzake wa Hamburg, Ujerumani, waliipima njia hiyo ya kusugua kwa watu 268 wenye tabia za aina hii kwa wiki 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: asilimia 53 ya walioifanya walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Waumaji wa kucha walionekana kufaidika zaidi ya wengine. Kwako wewe mwenye tabia ya kupapasa nina angalizo: kusugua ncha za vidole kunaweza kukurudisha kwenye kutafuta pembe. Sugua kiganja au mkono, siyo ncha.

Rangi chungu, pilipili na vifuniko

Rangi chungu ni mlinzi wa getini: humsimamisha anayepita, lakini hamfundishi kwenda kwingine. Nyingi zina denatoniamu, mojawapo ya vitu vichungu kuliko vyote vinavyojulikana, kile kile kinachotiwa kwenye baadhi ya kemikali za nyumbani ili watoto wasizinywe. Thamani yake kwako ni kukuamsha. Ukionja uchungu, umejua mkono ulipo, na hapo ngumi inafuata. Ukiitumia bila ngumi, utafanya kama wengi: utailamba mpaka iishe ladha, au utaizoea, kisha utaendelea.

Inashindwa pia kwa sababu ndogo za kiufundi. Inapakwa juu ya ukucha uliopakwa mafuta, haishiki. Inapakwa Jumapili na kutarajiwa ifike Jumapili nyingine, wakati kunawa mikono kunaiondoa ndani ya siku moja au mbili. Paka kwenye ukucha safi, mkavu, mpaka kwenye ngozi ya pembeni kama maelekezo ya chupa yanaruhusu, uache ikauke, na urudie kila siku au kila baada ya siku moja. Ukitumia rangi, mafuta yaje usiku tu, na rangi ije asubuhi. Usiipake kwenye kidonda. Na ukumbuke itahamia kwenye chakula unachokula kwa mkono. Tumia kijiko kwa wiki hizo au uvumilie.

Pilipili achana nayo. Haikai kwenye ukucha, inakaa kwenye ngozi iliyochubuka, na mwisho wa siku itaingia machoni.

Plasta ni bora kuliko sifa zake. Kwenye saa zako mbaya, ambazo karatasi yako itakuwa imeshazitaja, funga plasta kwenye ncha za vidole viwili au vitatu vinavyoshambuliwa zaidi. Inaziba ile pembe, gumba linapapasa na kukuta kitambaa. Ibadilishe ikilowa, maana ngozi iliyoloa chini ya plasta inalainika na kupasuka, na ivue wakati wa kulala kama huumi kucha usingizini.

Kuhusu kucha za jeli na akriliki, maoni yangu ni ya vuguvugu. Ni nene, meno hayazipati kirahisi, na kwa baadhi ya watu zinawavusha wiki ngumu. Ila zikianza kunyanyuka pembeni zinakuwa ile ile pembe inayokwaruza, na anayezing'oa kwa meno hung'oa na matabaka ya ukucha wake wa asili. Ziondolewe kwa kulowekwa kwenye asetoni, zisibanduliwe. Kemikali zake, akrileti, zinaweza kusababisha mzio wa ngozi unaobaki maisha yote. Na hazifai kabisa kwenye kidole kilichovimba au chenye kidonda, jambo ambalo linanileta kwenye gumba lako.

Kidole gumba kilichovimba

Ulichoeleza kinafanana na maambukizi ya ngozi inayozunguka ukucha, yale ambayo wengi huyaita mdudu wa kidole. Meno yanachana ile ngozi inayoziba, bakteria wa mdomoni na wa kwenye ngozi wanaingia, na kwa siku chache pembeni panakuwa pekundu au peusi zaidi, pamoto, panauma ukigusa, pengine panatunga usaha.

Kikianza tena, loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, ukikaushe vizuri kila mara. Hatua hiyo ikifanyika siku ya kwanza mara nyingi inatosha. Usitoboe kwa sindano, wala usiminye. Nenda kituo cha afya kama usaha umeonekana, kama maumivu yanapiga kama mapigo ya moyo, kama wekundu unapanda kuelekea mkononi, kama una homa, au kama siku mbili zimepita bila nafuu. Mwenye kisukari au kinga dhaifu aende siku hiyo hiyo. Usaha uliokusanyika hutolewa kwa mpasuko mdogo. Antibayotiki peke yake mara nyingi haiumalizi.

Kuna sura moja inayofanana lakini hutendewa tofauti. Ukiona malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja, yenye maji maangavu, na maumivu makali kupita ukubwa wake, huenda ni virusi vya herpes, vile vinavyoleta vidonda vya mdomoni, vimehamia kidoleni. Hayo hayapasuliwi. Vilevile chunjua za kando ya kucha: anayeuma huzisambaza kutoka kidole hadi kidole, na hadi midomoni.

Ukucha ukiwa umepoteza umbo, usiogope mapema. Kuotesha ukucha mzima kutoka kwenye mzizi hadi ncha huchukua miezi minne hadi sita, na gumba ni la polepole. Wanaouma kwa miaka mingi pia hukuta ukucha wao umefupika kwa kurudi nyuma, ile sehemu iliyoshikamana na nyama imepungua. Sehemu kubwa yake huweza kurejea taratibu, sharti usichokonoe chini ya ukucha kwa kitu chenye ncha. Mstari mweusi au wa kahawia unaotembea kwa urefu wa ukucha unaweza kuletwa na kuuma, na kwa watu weusi mistari ya namna hiyo ni ya kawaida. Lakini mmoja mpya, ulio kwenye kidole kimoja tu, unaopanuka au kumwagika kwenye ngozi, uonyeshwe kwa daktari wa ngozi bila kungoja.

Mwambie pia daktari wa meno kwamba unauma kucha. Meno ya mbele husagika na kukatika ncha, vipande vya ukucha huchoma ufizi, na taya linaloamka likiuma linaweza kuwa limechoshwa na kazi hiyo. Ukiwa na waya za kunyoosha meno, kuuma kucha kunaongeza hatari kwa mizizi ya meno.

Muda, na siku utakayoteleza

Ile hadithi ya siku 21 itupe. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya. Wastani wa kufika mahali ambapo jambo linafanyika lenyewe ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Walipima kujenga tabia, hawakupima kuacha, lakini kwako ni sawa tu kwa kuwa ngumi ni tabia unayoijenga. Jipangie miezi mitatu ya kazi ya kweli.

Weka alama kwenye kalenda siku ya 10 hadi ya 20. Hizo ndizo ulizoanguka kila mara, na sasa unajua kwa nini. Katika siku hizo piga tupa mara mbili kwa siku badala ya moja, na plasta iwe mfukoni. Ikikushinda kushughulika na vidole kumi kwa pamoja, anza na viwili tu, magumba yote mawili, uyalinde kwa wiki mbili, kisha uongeze. Wapo ambao meno huhamia kwa nguvu zote kwenye vile vilivyobaki. Ikitokea, rudi kwenye vyote kumi.

Usihesabu siku, hesabu vidole. Mtu anayehesabu siku akiteleza siku ya 19 anarudi kwenye sifuri, na sifuri ndiyo inayosema "basi, nimeshaharibu mmoja, ngoja nimalizie." Anayehesabu vidole ana tisa kati ya kumi. Ukimaliza ukucha mmoja, simama pale pale: piga tupa kwenye kilichobaki, funga plasta, andika kwenye karatasi saa na mahali. Tatu hizo zinachukua dakika tatu na ndizo zinazoviokoa vile tisa.

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kwa ajili ya kuuma kucha tu, kwa hiyo usipoteze fedha huko. Lakini kama unajijeruhi mpaka damu kila wiki, unaficha mikono mbele za watu, unang'oa pia nywele au kubandua ngozi, au wasiwasi unakutawala siku nzima, mwone mwanasaikolojia anayejua mbinu ya kugeuza mazoea. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaihesabu tabia hii, ikifika kiwango hicho, katika kundi lililo jirani na maradhi ya shuruti (OCD), yale ya mawazo na vitendo vinavyojirudia bila mtu kutaka. Vikao si vingi sana.

Mtoto

Kwa mtoto wa miaka mitano nisingeanzisha vita. Watoto wengi huanza kuuma kati ya miaka mitatu na sita, na wengi huacha wenyewe wanapokua. Kumchapa, kumwaibisha mbele ya wageni au kumpaka pilipili kunampa sababu nyingine ya kuuma, na ya pilipili inampa na macho yanayowaka.

Kata kucha zake kila wiki na upige tupa pembe, maana kinachomwita yeye ni kile kile kinachokuita wewe. Angalia ni saa ngapi anauma: mara nyingi ni mbele ya televisheni, ndani ya gari au kabla ya kulala. Mpe kitu cha kushika saa hizo. Ukiona mikono imetulia, msifu hapo hapo kwa kutaja jambo lenyewe, "leo umetazama katuni nzima mikono iko chini." Ngumi anaweza kujifunza kama mchezo, na kwa kuwa anakuiga, akuone ukiifanya. Rangi chungu soma kwanza lebo inaruhusu umri gani, na aulizwe kama anaitaka. Kwa asiyeitaka inageuka adhabu.

Mchunguze na minyoo. Ile midogo myeupe kama uzi hutaga mayai kuzunguka mkundu usiku, mtoto anajikuna, mayai yanabaki chini ya kucha, anauma, anayameza, mzunguko unaanza upya. Akilalamika kuwashwa sehemu hiyo usiku, mwone mhudumu wa afya. Dawa hupewa nyumba nzima kwa pamoja, na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki mbili kwa sababu dozi ya kwanza huua minyoo lakini haiui mayai. Siku ya dawa badilisha mashuka, na asubuhi mnawishe mikono kabla hajagusa chochote.